Sharti Lililofichwa ni Aibu ya Mali

Mtu anunuapo kiwanja katika miji yetu, ikiwa ni Mombasa au Malindi, Nairobi au Nakuru, aghalabu huuliza mambo matatu, na akishajibiwa hayo hujiona amekwisha timiza hadhari yote impasayo mnunuzi: huuliza bei, huuliza mipaka, na huuliza kama huyo anayeuza ndiye mwenyewe kweli au ni laghai aliyeipata hati ya marehemu na sasa anaizungusha mjini. Maswali hayo ni mema, na mwenye kuyapuuza hujuta. Lakini liko la nne ambalo ni nadra kutamkwa mbele ya dalali, nalo ni hili: je, ardhi hii imefungwa na ahadi gani, aliyeifunga ni nani, na kwa faida ya nani? Maana yawezekana kabisa mtu akainunua ardhi kwa fedha halali, kwa muuzaji wa kweli, ndani ya mipaka iliyopimwa kwa haki, kisha akatanabahi kwamba hana ruhusa ya kuijengea ghorofa, wala kuigawa baina ya wanawe, wala kufungua duka uani, kwa sababu ya maneno machache aliyoyakubali mtu mwingine, ambaye huenda amekwisha kufa, katika hati iliyotiwa sahihi kabla mnunuzi hajazaliwa.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 haikulificha jambo hili. Kifungu chake cha 26, ambacho kila wakili hukitegemea anapotaka kuthibitisha kwamba cheti cha umiliki ni ithibati ya milki, kinasema papo hapo kwamba milki hiyo iko chini ya vizuizi, haki za njia na masharti yaliyomo katika cheti chenyewe. Ajabu ni kwamba watu huikariri nusu ya kwanza ya kifungu, ile yenye kumtukuza mwenye cheti, na nusu ya pili wakaiacha. Na masharti hayo ni ya namna mbili, ambazo mnunuzi asizichanganye. Yako yale ya serikali, yaliyowekwa wakati ardhi ilipokodishwa kwa muda wa miaka, kama vile kwamba kiwanja kitakuwa na nyumba moja tu ya kukaa mtu na jamaa zake, au kwamba jengo lisifunike zaidi ya nusu ya eneo, au kwamba asiuze wala kugawa pasipo idhini. Na yako yale ambayo jirani alimwekea jirani, au mwenye shamba kubwa alipoligawa viwanja akawaahidisha wanunuzi wote kwa pamoja kwamba hapatakuwa na kiwanda, wala baa, wala ukuta uliopita kimo fulani. Haya ya pili ndiyo yenye siri nyingi, na ndiyo ninayoyakusudia hasa katika maneno yangu.

Kwa nini ahadi ya mtu mmoja imfunge mwingine asiyeitia sahihi? Asili ya ahadi ni kwamba humshika aliyeitoa, na mnunuzi wa tatu au wa nne hakumwahidi mtu chochote. Jibu limetoka mbali, katika bustani moja ya London. Mwaka 1808 bwana mmoja jina lake Tulk, aliyekuwa mwenye bustani ya Leicester Square pamoja na nyumba kadhaa zilizoizunguka, aliiuza ile bustani akazibakiza nyumba, naye mnunuzi, kwa nafsi yake na kwa warithi wake na kwa kila atakayeipokea kwao, akaahidi kwamba itakaa wazi pasipo kujengwa. Bustani ikapita mikono kadhaa hata ikamfikia mtu aitwaye Moxhay, ambaye hati yake mwenyewe haikuitaja ahadi ile, ila alikuwa na habari zake alipokuwa akinunua. Naye akataka kujenga. Tulk akaenda mahakamani, na mwaka 1848 Lord Cottenham, aliyekuwa mkuu wa mahakama ya haki na insafu ya Uingereza, akamzuia. Tangu siku hiyo sharti la kukataza, lililowekwa kwa manufaa ya ardhi ya jirani, likawa lafuatana na ardhi yenyewe, na kila anayeinunua hali ya kuwa analijua akawa amelinunua pamoja nayo. Leicester Square hata leo ina bustani katikati yake.

Kanuni hiyo haikubaki ng'ambo. Sheria yetu ya mahakama huyapokea mafundisho ya insafu ya Kiingereza yaliyokuwako tarehe 12 Agosti 1897, maadamu hali ya nchi na watu wake inaruhusu, na hukumu ya 1848 ilikuwa imekwisha kukomaa siku hiyo. Kadhalika mpaka wake ulikuwa umekwisha kukatwa: mwaka 1885, katika daawa ya mji wa Oldham, mahakama za huko zilishikilia kwamba ahadi ya kutenda, yaani ile inayomlazimu mtu kutoa fedha, kama kukarabati barabara au kutunza ukuta, haimfuati mnunuzi mpya kwa namna ile ahadi ya kujizuia inavyomfuata. Mnunuzi akiambiwa kwamba hatajenga ghorofa ya pili, aogope; akiambiwa kwamba mwenye kiwanja wa kwanza aliahidi kulisafisha bomba la mtaa, na aulize wakili wake kama deni hilo ni lake kweli, maana pengine si lake.

Mimi navutiwa zaidi na sababu aliyoitoa Lord Cottenham kuliko hukumu yenyewe, kwa kuwa ndani yake mna insafu ambayo sisi tumeisahau. Alisema, kwa maana na si kwa lafudhi yake, kwamba sharti lilikwisha kuingia katika bei. Aliyeinunua bustani kwa kuahidi kutoijenga bila shaka aliinunua kwa bei nafuu kuliko ile ambayo angelitoa kama angeliweza kuijenga, na kama mahakama ingelimwachia aiuze kesho yake kwa mtu asiyefungwa, angelipokea bei kamili ya ardhi huru hali ya kuwa yeye alilipa bei ya ardhi iliyofungwa, na tofauti ikaingia mfukoni mwake pasipo haki. Basi tuigeuze hoja hiyo upande wa pili, tuitazame kwa macho ya mnunuzi wetu wa leo. Muuzaji anayelijua sharti akalinyamazia, akapokea bei ya ardhi huru kwa kitu kilichofungwa, amefanya jambo lile lile ambalo Lord Cottenham aliliona kuwa ni dhulma. Tofauti ni kwamba mara hii anayedhulumiwa si jirani mwenye bustani, ni mshitiri mwenye fedha zake, ambaye pengine yuko Muscat au Doha anafanya kazi ya zamu, na kiwanja amekiona katika picha za simu tu.

Watetezi wa mambo yalivyo watajibu kwamba rejista iko wazi kwa kila mtu, na lililosajiliwa huhesabiwa kuwa limejulikana na watu wote, na asiyetafuta ana taksiri yake mwenyewe. Hoja hiyo ina nguvu na siidharau, kwa sababu pasipo kuwa na daftari moja la kutegemewa kila ununuzi ungekuwa ni kamari. Lakini na tuulize, kujulikana huko ni kwa nani na kwa lugha gani. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imesema kwamba Kiswahili na Kiingereza zote mbili ni lugha rasmi za Jamhuri, na Kiswahili ndicho lugha ya taifa. Walakini sijapata kuona cheti cha ardhi chenye masharti yake kwa Kiswahili, na Kiingereza kilichomo katika hati nyingi za zamani ni kile cha mawakili wa zama za Malkia Victoria, ambacho hata mwalimu wa Kiingereza hukisoma mara tatu. Tangu mwaka 2021 serikali imeanza kuziweka kumbukumbu za ardhi katika mtambo wa Ardhisasa, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo matokeo ya upekuzi yakisema kwa mkato kwamba ardhi iko chini ya ahadi zilizomo katika hati ya mwaka fulani yenye nambari fulani, mnunuzi amepewa ufunguo bila kuonyeshwa mlango, kwani hati yenyewe ndiyo yenye maneno, na hiyo hulazimika kutafutwa peke yake katika majalada.

Watu wa pwani hawakuhitaji kungoja London ili wafundishwe kwamba ardhi huweza kubeba matakwa ya mtu asiyekuwapo. Wakfu tumekaa nao karne nyingi, na kila mwenyeji wa Mji wa Kale anajua kwamba nyumba iliyowekwa wakfu haiuzwi, na kwamba anayeinunua kwa siri amenunua mzozo. Tunazijua vile vile nyumba bila ardhi, ambapo kuta na paa ni za mtu mmoja na udongo ni wa mwingine, naye mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi kila mwezi na hana uhakika wa kesho. Mambo hayo si yale yale kama masharti ninayoyazungumzia, na mwanafikihi atanikosoa nikiyachanganya. Nayataja kwa kuonyesha tu kwamba dhana ya milki iliyogawanyika haikuwa ngeni kwetu. Lililo muhimu zaidi ni kwamba fikihi ya biashara, iliyokuwa ikisomeshwa Lamu na Unguja kabla ya ofisi yoyote ya ardhi kufunguliwa, ilikuwa na hukumu ya kitu kilichouzwa na upungufu uliofichwa. Ni khiyari ya aibu: mnunuzi akikuta katika kile alichokinunua ila inayoshusha thamani yake, iliyokuwako kabla hajakabidhiwa, naye hakuijua, ana hiari ya kukirudisha na kupewa fedha zake, mradi asichelewe baada ya kujua. Na juu ya muuzaji ni wajibu kuibainisha ila hiyo kabla ya akidi, hata kama hakuulizwa.

Kwa mizani hiyo, sharti linalomzuia mtu kukitumia kiwanja kwa kazi ile ile aliyokinunulia ni aibu ya mali, sawa na ufa wa msingi uliopakwa chokaa. Najua kwamba Mahakama ya Kadhi haina madaraka juu ya mauzo ya ardhi, kwa kuwa Katiba imeyafunga mamlaka yake kwenye hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Wala siombi yapanuliwe. Ninaloomba ni kwamba watunga sheria wetu, ambao hawakuona haya kuazima insafu ya bustani ya London, wasione haya kuazima na hii ya kwetu.

Iko sababu nyingine ya kutoyaheshimu masharti kwa upofu, nayo ni historia yake katika nchi hii. Wakati wa ukoloni mkuu wa ardhi wa serikali alitangaza mnada wa viwanja mjini Mombasa, akaweka sharti kwamba Wazungu peke yao ndio watakaoruhusiwa kutaja bei, na kwamba mnunuzi ataahidi kutomruhusu Mwasia wala Mwafrika kukaa katika nyumba hiyo, isipokuwa awe mtumishi wake wa nyumbani. Mkaazi mmoja wa Kihindi, Kaderbhai, akapinga, na daawa ikapanda hata Baraza la Mfalme huko London, ambalo hukumu yake imo katika ripoti za mwaka 1931: mkuu wa ardhi akaambiwa kwamba sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilimpa uwezo wa kuweka sharti hilo. Katika mji ulioishi na Waarabu, Wahindi na Waswahili kabla ya meli ya kwanza ya Mreno kutia nanga, kipande cha karatasi kilitosha kumwambia mwenyeji kwamba atalala hapo akiwa mpishi, na akiacha upishi ahame.

Marekani walilifanya jambo hilo kwa wingi zaidi, na huko waliofanya si serikali, ni majirani waliokubaliana wao kwa wao. Katika mji wa St. Louis wenye nyumba za mtaa mmoja walitia sahihi mwaka 1911 kwamba kwa miaka 50 nyumba zao hazitakaliwa na watu wasio Wazungu. Mwaka 1945 familia ya watu weusi, akina Shelley, ikanunua nyumba humo, na mahakama ya kwanza ikaona kwamba walinunua bila kuwa na habari ya mkataba huo. Mwaka 1948 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi ile ikaamua kwamba watu binafsi wanaweza kuahidiana watakavyo, lakini mahakama za dola haziwezi kutumia nguvu zao kuzitekeleza ahadi za namna hiyo. Maneno yale yakabaki katika hati. Hata leo kuna Wamarekani weusi wanaonunua nyumba zao wenyewe na kusoma, katika karatasi za milki, kwamba wamekatazwa kukaa ndani yake. Hayana nguvu tena, walakini yamo, kwa sababu mahali pengi hakuna aliyepewa kazi ya kuyafuta.

Masharti ya rangi na kabila hayawezi kusimama mbele ya Katiba yetu. Lakini nikitembea katika mitaa mipya yenye lango moja na walinzi, inayojengwa kutoka Vipingo hadi Kiambu, nikasoma karatasi ambazo wanunuzi hutiwa mkononi, naona kwamba mkono ule ule wa zamani umepata kalamu mpya. Thamani ya nyumba isipungue kiasi fulani, vigae viwe vya rangi moja, kuku wasifugwe, nguo zisianikwe mahali pa kuonekana, kiwanja kisigawanywe milele. Baadhi yake nayakubali bila shida, kwa kuwa mtu aliyenunua mahali pa utulivu ana haki ya kutoamshwa na ukumbi wa harusi usiku wa manane, wala sioni ubaya wowote majirani wakikubaliana kwamba maji ya mvua yasielekezwe kwa mwenzao. Lile la kima cha thamani ya jengo silipendi hata kidogo, maana kazi yake ni kuchuja watu, na lile la kuanika nguo ni ghururi tupu ya watu wanaotaka jua la pwani lakini hawataki kuonekana wakilitumia.

Sasa liko kosa moja ambalo nimeona hata wenye elimu wakiliangukia, nalo nalitaja kwa urefu kwa sababu limewatia watu hasara kubwa. Katika Kilimani na Kileleshwa za Nairobi, ambako hapo kale kila kiwanja kilikuwa na nyumba moja na bustani, leo majengo ya ghorofa yamepandana, na mnunuzi mpya akiyatazama husema moyoni kwamba hapa ruhusa iko wazi, kwani jirani amejenga na mimi nitajenga. Lakini jirani yawezekana hati yake haikuwa na sharti, au alilibadilisha kwa kulipa, au alivunja na bado hajashitakiwa. Na hata kaunti ikimpa mnunuzi kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi na ramani yake ikagongwa muhuri, kibali hicho ni ruhusa ya serikali tu. Hakiifuti ahadi iliyofungwa kwa manufaa ya jirani binafsi, ambaye anaweza kungoja mpaka nondo zimesimama ndipo aende mahakamani kuomba zuio. Ni milango miwili yenye kufuli mbili, na mwenye ufunguo wa mmoja asidhani kwamba ameingia. Benki nazo hulijua hili vizuri kuliko wateja wao, ndiyo maana mkopo wa ujenzi huweza kukataliwa siku za mwisho, baada ya amana ya muuzaji kwisha lipwa.

Basi nini kifanywe? Kwanza, muuzaji alazimishwe kisheria kumpa mnunuzi, kabla hajapokea hata shilingi ya amana, maneno kamili ya kila sharti, kwa Kiswahili au kwa lugha anayoifahamu mnunuzi, na akilificha moja, mnunuzi awe na hiari ya kuirudisha ardhi na kulipwa fedha yake pamoja na gharama za wakili na mpima. Pili, kuhusu masharti yaliyochakaa, Waingereza tangu sheria yao ya mwaka 1925 wamemruhusu mwenye ardhi kuomba sharti liondolewe au lilegezwe ikiwa hali ya mtaa imebadilika hata halina tena maana, na anayedhurika apewe fidia. Utaratibu ni mwema, ila unamtaka mtu mwenye fedha na subira, na mwananchi wa kawaida hana vyote viwili. Mimi ningelipenda kila sharti la mtu binafsi liwe na umri, tuseme miaka thelathini, na likifika mwisho lijifie lenyewe, isipokuwa jirani anayefaidika nalo aje mbele ya msajili aseme kwamba bado analihitaji na aonyeshe manufaa yake. Kama hakuna jirani wa kuja, basi sharti halikuwa na mwenyewe.

Madalali watalalamika kwamba masharti yakisomwa hadharani biashara itapoa na bei zitaanguka. Bei ya kiwanja kilichofungwa itashuka, ni kweli, na ya kile kilicho huru itapanda, na kile ambacho sharti lake linamhakikishia mtu utulivu na hewa huenda kikapata wanunuzi wengi kuliko vyote. Na kile kiasi kinachozitenga bei hizo, ambacho leo kinabaki mkononi mwa muuzaji aliyenyamaza, hakikuwa chake tangu mwanzo.